Mlango Uliotundikwa Ukutani

Mliomwacha Nereida Cassiani wiki jana kasimama mbele ya mlango usioingia popote, mkae vizuri. Bado yupo pale pale. Sinia limeshamponyoka, glasi za sharubati zimevunjika miguuni pake, na wageni wote wenye nguo zao nyeupe wamegeuka kumtazama.

Kwa aliyechelewa, habari ni hii. Jumamosi, saa kumi alasiri, jumba la sanaa la Piedad Vengoechea pale mtaa wa Getsemaní lilikuwa linafungua maonyesho mapya. Nereida, mshona sare za shule, aliitwa kusaidia kupitisha vinywaji. Akavaa aproni, akaingia na sinia, akainua macho. Ukutani palikuwa pametundikwa milango ishirini ya nyumba zilizobomolewa. Wa kumi na saba ulikuwa wa kwake.

Hakuhitaji kuuliza. Ile rangi ya bluu aliipaka mwenyewe mwaka aliozaliwa binti yake, Luz Dary. Lile tundu la chini alilikata marehemu mama yake kwa kisu cha samaki ili paka apite. Miezi kumi na moja iliyopita askari walimtoa kwenye nyumba ile ya Mtaa wa Kisima Kikavu, tingatinga likaingia, na yeye akaamini mlango umesagwa pamoja na kuta.

Kumbe haukusagwa. Ulikuwa hapa, umefutwa vumbi, umepigwa taa.

Pembeni palikuwa na kibandiko kidogo. Nereida akakisoma kwa sauti.

"Bastián Holguín. Kutokuwepo, namba kumi na saba. Mbao, rangi, wakati."

Akarudia neno la mwisho. "Wakati! Wakati wa nani?"

Akaweka kiganja juu ya ubao. Msichana mmoja mwenye redio ya mkononi akamkimbilia.

"Mama, samahani, kazi za msanii haziguswi."

"Kazi?" Nereida akamgeukia. "Kazi niliifanya mimi, ya kufagia mbele ya mlango huu kila siku ya Mungu. Toka hapa, mwanangu, kabla sijakukosea adabu."

Msichana akatoka.

Akaja Piedad mwenyewe, mwenye jumba, mama mwembamba wa makamo, hereni za fedha mpaka mabegani. Alitabasamu kwa wageni na kuongea kwa meno yaliyofungwa.

"Nereida, mpenzi, okota glasi. Tutaongea jikoni."

"Tuongee hapa hapa."

"Usinitie aibu mbele ya watu."

"Aibu! Mlango wangu umeuning'iniza kama shuka mbichi, halafu mtia aibu niwe mimi?"

Piedad akavuta pumzi. Akabadilisha sauti, ikawa ya asali.

"Sasa kama ni wako, si ndiyo vizuri? Alhamisi tuna mazungumzo ya wazi, tumeyaita Sauti za Mtaa. Nakuweka kwenye programu. Unakaa mbele, unasimulia maisha yako. Na wiki ya pili watoto wa shule wanakuja kuchora milango."

"Watoto wa shule gani, Piedad?"

"Wa mtaa."

"Shule ya mtaa imefungwa kwa kukosa watoto! Mmewahamisha wote kule nyuma ya soko, wanapanda mabasi mawili kwenda darasani. Wa kuja kuchora utawatoa wapi? Utawachonga?"

Mtu mmoja pale nyuma akacheka, akajizuia.

"Unataka nini?" Piedad akanong'ona.

"Nataka kuugeuza. Nione nyuma yake, basi."

Na hapo ndipo roho ya Nereida ilipokuwa. Jumatatu asubuhi alikuwa na kesi. Kampuni ya hoteli iliyobomoa mtaa ilikuwa imeapa mbele ya hakimu kwamba nyumba ile ilikuwa gofu, haikukaliwa na mtu kwa miaka mitano, kwa hiyo hakuna wa kulipwa wala wa kurudishwa. Karatasi zote za Nereida zilizikwa kwenye kifusi. Wakili wake, binti mmoja aitwaye Yulieth, alimwambia wazi: "Mama, nitafutie kitu kimoja tu chenye mhuri wa serikali na tarehe. Kimoja. Bila hicho wanatumaliza."

Wiki nzima Nereida alikuwa amekiwaza kitu hicho bila kukipata. Sasa alikuwa anakitazama, isipokuwa kimegeuzwa ukutani.

Ilikuwa kadi ya watu wa mbu. Wakaguzi wa afya hupita kila miezi miwili kutazama mapipa ya maji, na nyuma ya mlango wa kila nyumba hupigilia kadi. Wakija, wanaandika tarehe, wanagonga mhuri, na mwenye nyumba anatia sahihi. Kadi ya Nereida ilikuwa na mihuri ya miaka sita. Siku anatolewa, ilikuwa bado iko mlangoni.

"Kazi haigeuzwi," akasema Piedad. "Imefungwa na bima."

"Basi ifunguliwe na mimi."

Wakati huo huo watu wakapisha njia, na msanii akaingia katikati yao. Bastián Holguín, kijana wa bara, wa kule milimani, shati la kitani, ndevu zilizochanwa. Alikuwa amesikia kidogo tu, na alichosikia kilimfurahisha. Akafungua mikono yote miwili.

"Mama! Ni wewe? Wewe ndiye wa namba kumi na saba?" Akamkumbatia, aproni na yote. "Jamani, tazameni. Kutokuwepo kumekuja kwa miguu yake!"

Simu zikainuliwa juu.

Nereida akamsukuma kifuani kwa vidole viwili.

"Kijana, mlango huu uliupata wapi?"

"Niliuokoa, mama. Yote hii niliiokoa. Tingatinga lilikuwa linapita, nikawaomba wale vibarua waniachie milango. Nilikaa siku tatu, jua na mvua, nikiitoa. Nililia, nakwambia kweli."

"Siku tatu ulikuwa pale mtaani?"

"Siku tatu."

"Basi ulikiona kitanda changu kwenye mvua."

Bastián akarekebisha kola ya shati.

"Cherehani yangu ilikuwa imefunikwa nailoni ya kijani. Mimi nimekaa juu ya godoro ng'ambo ya barabara, na mwanangu Keiner ana homa. Ulipita mbele yetu umebeba mlango wa jirani begani. Nakukumbuka hizo ndevu. Nilidhani u kibarua, nikakwambia, kaka, nisaidie maji. Ukasema una haraka."

Uso wa msanii uliiva, kisha ukapauka.

"Nilidhani watu walikwisha kuondoka," akasema polepole.

"Walikwisha kuondolewa. Andika hivyo kwenye kibandiko chako."

Hakungoja jibu. Akaushika mlango pande mbili, akaunyanyua kutoka kwenye misumari ya chuma. King'ora kikalia. Piedad akapiga ukelele. Mlango ule wa mbao ya mkangazi ulikuwa mzito, lakini mabega ya mshonaji si ya mchezo. Ukatoka.

Na wageni wakapiga makofi!

Ndiyo, msomaji, makofi. Bwana mmoja mwenye kofia ya ukili akasema "Safi sana!" Mwanamke mmoja akamwambia mwenziwe kwamba ni igizo, limeandikwa kwenye mwaliko. Walipiga makofi kama watu waliolipa kiingilio.

Nereida akasimama kaubeba mlango kifuani, jasho linamtiririka, akawatazama mmoja mmoja.

"Mnampigia nani makofi?" akauliza. "Nauliza, mnampigia nani? Nimefukuzwa kwangu saa kumi na mbili asubuhi na nguo ya kulalia. Mngekuja siku ile. Mlikuwa mnapaita pachafu, hamkanyagi. Leo pamebomolewa ndiyo pamekuwa pazuri? Wewe, bibi, weka simu chini! Mimi si igizo. Mimi ni mtu nimekasirika!"

Simu zikashuka. Yule wa kofia ya ukili akajitia kutazama viatu vyake.

"Mwiteni mlinzi," Piedad akasema.

Badala ya mlinzi akaja mzee Eustorgio Marrugo. Huyu alikuwa seremala wa mtaa wa zamani, mrefu, kainama kidogo, mwenye kipima usawa mfukoni siku zote. Siku hizi ndiye aliyekuwa akitundika kazi za jumba lile. Alizima king'ora, akashika upande wa pili wa mlango.

"Tuulaze chini, binti. Polepole. Vidole."

Wakaulaza sakafuni, sura chini, mgongo juu.

Alama za urefu wa watoto zilikuwepo, zimekatwa kwa kisu, kila moja na tarehe yake. Keiner miaka minne. Luz Dary miaka saba. Keiner tena, kampita dada yake. Nereida akazipapasa kwa haraka, macho yanatafuta juu, karibu na komeo.

Pale ilipokuwa kadi palikuwa na mraba mtupu. Mbao yake ilikuwa nyeupe kuliko sehemu nyingine zote, na pembeni matundu manne ya misumari.

"Iko wapi?"

Akapitisha vidole juu ya matundu.

"Kadi iko wapi!" Safari hii alikuwa anapiga kelele, na sauti ilikuwa inagonga dari. "Bastián, kadi yangu iko wapi?"

"Kadi gani? Naapa, mama, mimi niliileta milango kama ilivyo. Sikuondoa hata utando wa buibui."

Ndipo mzee Eustorgio alipokohoa.

"Kadi ilikuwepo," akasema. "Niliiona Jumanne nilipokuwa naunyoosha. Niliambiwa niing'oe."

"Na nani?"

Mzee akageuza kichwa. Alimtazama Piedad, na wote waliokuwepo wakamtazama Piedad.

"Eustorgio, kazi yako imekwisha leo," Piedad akasema.

"Ndiyo, mama. Nimeshajua. Lakini uliniambia ning'oe, nami nikang'oa kwa patasi, bila kuichana. Nikakupa mkononi, ukaifungia drooni ofisini."

"Karatasi ya mbu, imejaa ukungu!" Piedad akageukia wageni, akitafuta mtu wa kumwelewa. "Ilikuwa inaharibu sura ya kazi."

"Nyuma?" Bastián akauliza. Alikuwa amesogea bila mtu kumwona. "Nyuma ya mlango, Piedad? Nyuma hakuna anayeona. Ilikuwa inaharibu sura ya nini?"

Piedad akatupia jicho kibandiko.

Bastián akainama kwenye kibandiko. Pale kwenye kona palikuwa na kidoti chekundu kipya, alama ya kazi iliyouzwa. Akakigusa kwa kidole, kikaacha wino.

"Umeuza," akasema. "Nilikwambia milango hii haiuzwi. Tulikubaliana inabaki mjini."

"Inabaki mjini. Mnunuzi ana jengo hapa hapa."

"Jengo gani?"

"Bastián, si mbele ya watu."

"Jengo gani, Piedad?"

Mwanamke mmoja kati ya wageni, aliyekuwa akiandika kwenye daftari tangu mwanzo, akasema kwa utulivu kabisa: "Hoteli. Niliona karatasi mezani kwako nilipokuja kukuhoji. Milango yote ishirini, iwekwe ukumbini kwa wageni wao. Na sharti la kwanza lilikuwa la ajabu, ndiyo maana nimelikumbuka. Kila karatasi iliyobandikwa nyuma iondolewe kwanza."

Wote wakaelewa kwa pamoja. Mnong'ono ukapita ukumbini, na haukuwa wa kustaajabia sanaa.

Nereida alikuwa amepiga magoti kando ya mlango wake. Akainuka. Akamwendea Piedad mpaka pua zikakaribiana, na Piedad akarudi nyuma hadi akagusa mlango wa jirani.

"Ulijua," Nereida akasema. Sasa alikuwa hapigi kelele, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Nimekushonea mapazia ya jumba hili. Nimekuletea supu ulipougua. Ulijua nina kesi Jumatatu, nilikwambia mwenyewe jikoni kwako nikipiga pasi vitambaa vyako. Ukaniitikia, pole Nereida, pole. Kadi yangu ikiwa ndani ya droo yako."

"Sikuwa na jinsi. Paa linavuja, wafadhili wamenikimbia, kama si wao jumba hili lingefungwa..."

"Lingefungwa! Mimi langu limesagwa!"

Bastián hakusubiri mwisho. Aliingia ofisini kwa Piedad, na kilichofuata ni mlio wa mbao kupasuka. Aliporudi mkono ulikuwa na mchubuko, na umeshika bahasha ya kaki. Akampa Nereida bila kumtazama usoni.

"Si kwamba nalipa ile siku ya maji," akasema. "Najua hailipiki."

"Hailipiki," Nereida akakubali, akachana bahasha.

Kadi ilikuwemo. Njano, kona moja imeliwa, inanuka ukungu na nyumbani. Mihuri ilishuka mstari kwa mstari, miaka sita. Wa mwisho uligongwa siku tisa kabla ya tingatinga, na kando yake sahihi yake mwenyewe, yenye mkia mrefu wa herufi ya mwisho kama alivyofundishwa shuleni.

Akakaa juu ya mlango wake katikati ya ukumbi. Akapiga simu.

"Yulieth? Mwanangu, ninacho. Kina mhuri. Siku tisa, Yulieth! Gofu gani lina sahihi ya mwenyewe siku tisa kabla?"

Alisikiliza, akacheka, akafuta macho kwa aproni. Kisha akaivua ile aproni, akaikunja vizuri kama mshonaji, akamwekea Piedad mikononi.

"Vinywaji gawa mwenyewe."

Akainama kwenye mlango. "Mzee Eustorgio, unaweza kunisaidia mpaka kwangu, kule nyuma ya soko?"

"Ni mbali, binti. Lakini nina jioni nzima. Nimefukuzwa kazi."

"Huo mlango ni mali ya mnunuzi!" Piedad akapayuka. Alikuwa ameshika simu sikioni. "Nimeshawaita. Wako hapo nje."

Hakuna mgeni aliyewazuia. Yule msichana wa redio, tena, ndiye aliyewashikilia lango la kioo.

Nje jua lilikuwa bado kali na muziki wa jirani ulikuwa unagonga kuta. Nereida alitangulia, mzee nyuma, mlango katikati yao. Hawakufika hata hatua kumi. Gari jeusi lenye nembo ya hoteli lilikuwa limezuia njia nzima, na mtu mmoja ameegemea boneti. Mnene kiasi, shati limenyooshwa, viatu vipya.

Nereida akamtambua kabla hajavua miwani. Miaka kumi na tisa ilikuwa imemwongeza kitambi, lakini kusimama kwake kulikuwa kule kule, mguu mmoja mbele kama mtu anayengoja kuombwa msamaha.

Alcides. Kaka yake. Aliyekwenda Panama kutafuta kazi akasema atarudi Krismasi. Mama yao, Petrona, alikata roho akimwita, na simu walizompigia hakupokea hata moja.

"Nere," akasema. "Weka mlango chini."

"Umerudi lini?"

"Mwaka jana."

"Mwaka jana lini?"

Alcides akatazama pembeni. "Nyumba ilikuwa ya baba yetu. Waliniletea karatasi, nikatia sahihi. Jumatatu mimi ndiye shahidi wao."

Muziki ulikuwa bado unapiga, lakini Nereida aliacha kuusikia.

"Utasema nini?"

"Kwamba haikuwa na mtu."

"Na mimi? Wanangu?"

"Mlikuwa mnalala humo. Kulala si kuishi." Akaegemea tena boneti. "Ndivyo walivyoniandikia."

Nereida hakulia. Akaushika mlango vizuri zaidi.

"Pisha njia, Alcides."

"Nere, usinilazimishe."

"Nimekwambia pisha. Nitakupitishia mlango huu juu ya hivyo viatu."

Akapiga hatua. Mzee nyuma yake akapiga hatua. Alcides hakusogea. Akainua sauti, watu wa madirishani wasikie, na wale wageni waliokuwa wamejazana kwenye kioo cha jumba.

"Basi na wasikie wote! Unadai nyumba ya Cassiani kwa haki gani? Wewe si Cassiani, si damu ya baba! Mama aliniambia usiku ule nilioondoka, na ndicho kilichoniondoa. Hunisadiki? Geuka nyuma. Muulize huyo mzee uliyembebesha mlango, kwa nini hajawahi kuoa!"

Upande alioushika mzee ukaanguka. Ukapiga mawe ya barabara kwa kishindo kilichonyamazisha mtaa.

Nereida aliushikilia wake. Mikono ilikuwa inamuuma, kadi ilikuwa imebanwa kifuani chini ya blauzi, na nyuma yake alisikia mtu mzima anapumua kama aliyekimbia.

Hakugeuka. Macho yake hayakumwacha Alcides.

"Mzee Eustorgio," akasema, "inua kwanza mlango. Halafu useme."